Tetemeko la Nchi na Jinsi Linavyoandikwa



Usiku wa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa mbili na robo, nchi ilitetemeka hapa pwani. Mjini Dar es Salaam watu walitoka mbio katika majumba marefu. Tetemeko la namna hiyo, aliyeketi hudhani lori zito lapita njiani, na aliyesimama hudhani ameshikwa na kizunguzungu. Maneno hayo si upuzi, nasi tutayarudia.

Kwanza chombo chenyewe, kiitwacho sismografu. Asili yake ni jambo jepesi. Gari likiondoka ghafula, miguu ya aliyesimama ndani huenda nalo, na mwili hubaki nyuma. Vivyo hivyo ndani ya chombo hutundikwa kitu kizito. Nchi ikitikisika, sanduku hutikisika nayo, lakini kile kizito hubaki karibu pale pale. Zamani kalamu ilichora tofauti hiyo juu ya karatasi iliyozungushwa polepole. Siku hizi huandikwa kwa umeme.

Tetemeko hutoa mawimbi mawili, moja la mbio na moja la kufuata, kama vile umeme wa mvua uonekanavyo kabla ya ngurumo kusikika. Hesabu sekunde zilizo kati yao, uzidishe kwa 8, nawe utapata kilomita kwa kadiri, ikiwa si mbali sana. Kila chombo huchorewa duara katika ramani. Maduara matatu yakutanapo ndipo chimbuko. Lile la 2020 lilionekana kutoka chini ya bahari, nalo lilikuwa na ukubwa karibu 6. (Kubwa kupita yote yaliyopata kupimwa ni la Chile, mwaka 1960: 9.5.)

Sasa angalieni. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9, karibu sawa na letu. Lakini huko watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba mamia zilianguka. Kwa nini? Kwa kuwa nambari hiyo yapima nguvu iliyotoka chimbukoni. Haipimi yaliyompata mtu mlangoni pake. Hayo hupimwa kwa kipimo kingine, cha Mercalli, chenye daraja 12, nacho hutegemea ushuhuda. Je, taa iliyotundikwa iliyumba? Vyombo vilianguka? Ukuta wa udongo ulipasuka? Waliolala waliamka?

Vyombo ni vichache, vijiji ni vingi. Kwa hiyo neno la mwanafunzi wa Mzenga au la mkulima wa Mlandizi lina kazi yake katika ramani hiyo. Atiaye chumvi huiharibu. Na hata asemaye “sikusikia kitu” huisaidia, jambo ambalo wengi hawalidhani.

Basi nchi ikiisha kutulia, nawe u salama uwanjani, tazama saa. Andika mahali ulipokuwa, kama ulikuwa umeketi au umesimama, na ulichokiona kwa macho yako. Andika usiku ule ule, kabla hujasikia ya jirani.