Nati iliyokataa kufunguka

Maneno ya afisa wetu wa uwanjani mbele ya familia zilizohama, viongozi wa vitalu na vijana wa mafunzo ya ufundi, karibu na Bunia, Ituri



Wiki hizi vijana wetu wamekuwa wakijifunza kufungua ambreyaji ya pikipiki za zamani. Baadhi ya wazazi wameniuliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi tuliokimbia mashamba yetu? Swali hilo ni la haki. Hapa tunapoishi, pikipiki moja kuukuu inalisha nyumba tatu. Mwenye pikipiki anangoja verseman ya kila siku. Dereva anangoja kinachobaki baada ya verseman. Fundi anangoja malipo ya mikono yake. Tena pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku. Ikivunjwa garajini, nyumba tatu zinakosa chakula. Na kama nyumba hizo si za kabila moja, maneno hayataishia garajini. Tumekwisha kuyaona.

Kwa hiyo leo nitasema juu ya nati moja tu, ile inayoshika ambreyaji katikati, ambayo mara nyingi inakataa kufunguka.

Ambreyaji iliyochoka inajulikana. Injini inalia kwa nguvu, lakini pikipiki haipandi mlima, hasa ikibeba mzigo. Kijana akisikia hivyo, anataka kufungua kila kitu siku hiyo hiyo. Ninawaomba muanze na maswali mawili.

Swali la kwanza: je, ni lazima kuigusa nati? Kwanza angalieni kama waya wa ambreyaji una nafasi yake ndogo ya kucheza, maana waya uliokazwa kupita kiasi unatosha kuifanya iteleze. Kisha mjue aina ya pikipiki. Kwenye Yamaha AG100 au DT125, ambazo mashirika mengi yamezitumia, ukiondoa skrubu za springi na kifuniko chake, sahani zinatoka zenyewe na nati inabaki mahali pake. Kuna pikipiki nyingine ambazo sahani hazitoki mpaka kitovu chote kitoke. Huko huna njia nyingine. Vilevile kama kikombe kikubwa cha nje kimechimbwa na meno ya sahani, ni lazima nati ifunguke.

Swali la pili: ni nini kinachoishika? Watu wengi wanasema ni kutu. Lakini nati hii inaishi ndani ya mafuta miaka yote, na kutu haipendi mafuta. Mara nyingi inashikwa na kitu kingine. Pengine kuna wosha chini yake yenye sikio lililokunjwa juu ya ubavu wa nati, na fundi hakulinyoosha. Pengine ukingo wa nati uligongwa kwa makusudi ili usilegee. Pengine fundi wa zamani alitia gundi ya nyuzi. Au aliikaza kwa nguvu zake zote bila kipimo. Kila sababu ina dawa yake, na nyundo si dawa ya hata moja.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe.

Mwageni mafuta ya injini kwanza, mfungue kifuniko, mpanguse nati mpaka chuma kionekane. Kama kuna sikio la wosha, linyoosheni lote. Kama ukingo umegongwa, uinueni pole pole. Tazameni nyuzi zinavyoelekea. Nati nyingi za ambreyaji zinafunguka kinyume cha mwendo wa saa, lakini aliyevuta upande usiofaa ameikaza zaidi.

Halafu shikeni kitovu kisizunguke. Mnyororo uwe mahali pake, gurudumu la nyuma liwe chini, muingize gia ya juu kabisa, na mwenzenu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gia ya juu ndiyo inayofaa, kwa sababu inapeleka nguvu ndogo zaidi kwenye gurudumu, na breki inaweza kushika. Kama kitovu bado kinazunguka, tengenezeni kishikio kwa sahani ya chuma ya zamani iliyounganishwa na mkono mrefu. Msiingize bisibisi kati ya ambreyaji na karteri. Karteri ni aluminiamu. Bisibisi haitavunjika, karteri itavunjika, na bei yake inazidi bei ya sahani zote.

Nati ya pembe sita inataka ufunguo unaoifunika yote. Nati ya duara yenye mapengo manne inataka ufunguo wenye meno manne. Kama haupatikani sokoni, kateni bomba nene la chuma, mlipige tupa mpaka yabaki meno manne yanayoingia sawasawa, kisha mlichomelee mkono. Ni kazi ya nusu siku, lakini ufunguo huo utawafaa miaka mingi. Mkono ukiwa mrefu mara mbili, nguvu ya kuzungusha inakuwa mara mbili pia. Mmoja aubane ufunguo usiruke, mwingine avute.

Mkidhani ni gundi, joto linailainisha. Ondoeni tangi la petroli, mpanguse mafuta yote, kisha mweke kipande cha chuma kilichopashwa moto juu ya nati kwa muda. Msitumie mwali wa moto karibu na petroli, na msipashe mpaka mpira na beringi za nyuma ziungue.

Wakati wa kurudisha, wosha iwe mpya, kwa sababu sikio lililokunjwa mara mbili hukatika. Mkaze kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo, ili fundi atakayekuja baada yenu asipate taabu mliyoipata ninyi.

Sasa ninarudi kwa wazazi na viongozi. Katika garaji moja hapa kwetu, pikipiki ya mama mjane ililala wazi siku nzima kwa ajili ya nati kama hiyo. Jioni maneno yalianza kutembea kwamba vijana wa upande mwingine wanaiharibu kwa makusudi. Vijana hawakujibu kwa maneno. Walimwita mama pamoja na kiongozi wa kitalu chake, wakawaonyesha nati kwa tochi. Mapengo yake yalikuwa yamekatwa kwa tindo. Lakini jeraha jipya la chuma linang'aa, na haya yalikuwa meusi, yamejaa mafuta ya zamani. Mama akatazama mwenyewe, akakumbuka kwamba pikipiki ilikwisha kufunguliwa mjini kabla hajainunua. Akakubali kulipia nati mpya. Vijana wakatengeneza ufunguo wa bomba, na siku ya pili nati ikaachia.

Kutokana na hayo ninawaomba viongozi mambo manne. Kabla ya nati ngumu kuguswa, mwenye pikipiki, dereva na fundi waitazame pamoja, na kama kuna simu, ipigwe picha. Bei iandikwe, na iandikwe pia nani atalipa kitu kikivunjika. Vipande vya zamani vyote virudishwe kwa mwenye pikipiki, hata vibovu. Na kama jambo limeharibika, watu hao watatu wakae siku hiyo hiyo, kabla jirani hajasimulia. Mnapowasikiliza, ulizeni kwanza kilichoonekana kwenye chuma. Swali la kabila la fundi halitafungua nati yoyote.

Vijana, mkishindwa leo, funikeni injini kwa kitambaa safi mkalale. Kesho mtaanza tena na injini nzima. Aliyevunja karteri kwa hasira hana kesho ya namna hiyo, na mwenye pikipiki naye hana.

 Garaji iko wazi, na mzazi yeyote anayetaka kuja kuona kazi ya watoto wetu anakaribishwa.