Deni la Mama



Mwezi Februari mwaka 2025, katika mji wa Vaughan, kaskazini mwa Toronto nchini Canada, tulimzika mama mkwe wangu. Alikuwa na umri wa miaka 76. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Kwa ombi la familia sitalitaja jina lake. Nitamwita Mama, kama nilivyomwita alipokuwa hai.

Maiti ilisaliwa katika Kituo cha Jaffari, Barabara ya Bathurst, mahali panapokutana familia nyingi ambazo wazee wao walitoka Tanga, Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Kabla ya jeneza kuinuliwa, baba mkwe alisimama, kama ilivyo desturi, kuuliza iwapo yupo anayemdai marehemu. Kwa kawaida hupita kimya kifupi, kisha watu husema wamesamehe. Safari hii mzee hakuuliza. Alisema, "Mke wangu anadaiwa. Anadaiwa mshahara wa mwezi mmoja na nusu, tangu mwaka 1972. Mwenye haki yake hayupo hapa."

Wajukuu walitazamana. Bibi waliyemjua hakuwa mtu wa madeni. Ni yeye aliyewashonea nguo za Idi, aliyewafundisha kusema shikamoo, na aliyekataa kadi ya benki mpaka mwisho wa maisha yake.

Mimi nililijua jambo hilo. Kazi yangu ni kutayarisha vipindi vya redio, na kwa miaka mingi nilimwomba Mama anisimulie habari za kuondoka kwao Uganda. Alikubali mara moja tu, tena kwa sharti kwamba nizime kinasa sauti. Leo ninasimulia kwa idhini ya mume wake.

Mama alizaliwa Tanga. Mwaka 1967 aliolewa Kampala, ambako mume wake alikuwa na duka la vitambaa. Mtoto wa kwanza alipozaliwa waliajiri yaya, msichana wa rika la Mama mwenyewe. Mama hakujua Kiganda, na yaya hakujua Kigujarati, walizungumza Kiswahili. Yaya ndiye aliyemwonyesha mgeni yule njia za sokoni, na ndiye aliyekesha naye mtoto alipougua surua.

Mwezi Agosti mwaka 1972, Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka. Canada ilifungua ofisi mjini Kampala mwezi Septemba, na tarehe 27 ya mwezi huo ndege ya kwanza iliruka kutoka Entebbe kwenda Montreal. Kwa jumla, nchi hiyo iliwapokea zaidi ya watu 7,000 kutoka Uganda. Familia ya Mama ilikuwa miongoni mwao.

Siku walipoondoka, duka lilikuwa limefungwa na fedha za benki hazikuweza kutolewa. Yaya alikuwa hajalipwa kwa mwezi mmoja na nusu. Mama alimwachia cherehani yake ya mkono, akamwahidi kwamba mshahara ungemfuata. Kisha wakaingia njia ya Entebbe, yenye vizuizi vya askari, mtoto akimlilia yaya njia nzima.

Nilimwambia Mama kwamba cherehani ile ilizidi mshahara. Alinijibu, "Cherehani ilikuwa zawadi, mwanangu. Mshahara ni mshahara."

Toronto aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, Mtaa wa Spadina. Kutoka katika malipo yake ya kwanza alituma fedha kwa anwani aliyoijua. Barua ilirudi. Alituma tena, ikapotea. Katika miaka ya 1990, Uganda ilipokuwa ikiwarudishia Waasia mali zao, mume wake alisafiri kwenda kulidai duka. Mama alifuatana naye, lakini hakukanyaga ofisi hata moja. Mzee alishinda akitafuta hati. Mkewe alishinda akimtafuta yaya, nyumba kwa nyumba, kwa Kiswahili chake cha Tanga. Mzee alipata duka lake. Mama alirudi mikono mitupu.

Katika mikusanyiko ya wazee wa Vaughan, mazungumzo juu ya mwaka 1972 huwa ni hesabu ya vilivyopotea: nyumba, maduka, mashamba ya miwa. Ni hesabu ya haki, kwani dhuluma ile ilikuwa kubwa. Mama naye alidhulumiwa. Hata hivyo, hakuona kwamba kudhulumiwa kulimfutia deni lake kwa mtu mnyonge kuliko yeye.

Siku ya arobaini, wajukuu walikaa na babu yao kupiga hesabu. Mmoja alitaka kuongeza faida ya benki, mwingine kupanda kwa bei. Mzee aliwasikiliza, kisha akasema hakuna kiasi kitakachotosha, kwa hiyo watoe wanachoweza, na watoe kila mwaka. Fedha hizo zitalipa karo ya msichana mmoja mjini Kampala, kwa niaba ya yaya, mpaka atakapopatikana yeye au kizazi chake.

Mimi sina fedha nyingi za kuongeza. Ninacho kipaza sauti hiki. Basi, ikiwa wewe unayenisikiliza una mama au bibi aliyekuwa yaya Kampala, na mwaka 1972 akaachiwa cherehani ya mkono na mwanamke wa Kihindi aliyezungumza Kiswahili cha pwani, mwambie kwamba hakusahauliwa. Mdaiwa wake amefariki dunia. Deni lingalipo, na wenye kulilipa wapo.

Kwaherini.