Mvua ya Njahi Kwenye Kitabu cha Mtoto
Hotuba kwa wazazi, walezi na walimu wa chekechea



Mvua ya masika inapoanza mwezi wa Machi, mtoto wa Nyeri wa miaka miwili huwa na mengi ya kutazama. Kumbikumbi wanaruka jioni na kuacha mabawa mlangoni, konokono wanapanda ukutani, nyanyake anapanda njahi na maharagwe, na njia ya kwenda dukani imegeuka matope matupu. Kisha mtoto huyo anakalishwa asomewe hadithi, na kitabu kinaonyesha theluji ikiyeyuka na sungura katikati ya maua ambayo hata mama yake hayajui.

Vitabu vingi vya picha vinavyoletwa kama msaada vilichapishwa Uingereza na Marekani, ambako majira ya kuchipua hufuata baridi kali. Hapa Ikweta inapita Nanyuki. Wakulima huhesabu mvua ya njahi na mvua ya mwere, na theluji huanguka kileleni mwa Mlima Kenya, haingoji majira.

Mtoto mdogo hujifunza neno kwa kuliunganisha na kitu. Akionyeshwa chura kitabuni mchana na kumsikia mtaroni usiku, neno limekaa. Ua asilowahi kuliona humlazimu msomaji kueleza, na mtoto wa umri huo hana subira na maelezo. Hushuka mapajani akaenda zake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitabu, mzazi akifungue na aangalie: ni vitu vingapi humu mtoto anaweza kuvionyesha kwa kidole akitoka nje? Mvua, jani, kifaranga, jembe, mdudu. Picha iwe kubwa, maneno mstari mmoja au miwili kwa ukurasa, na kurasa ziwe ngumu, kwa sababu zitatafunwa.

Kitabu cha kigeni si kibaya kwa kuwa ni cha kigeni. The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, kilichotoka mwaka wa 1969, kinahusu kiwavi anayekula hadi anageuka kipepeo, na kurasa zake zina matundu ya kuingiza kidole. Viwavi hawahitaji kutafsiriwa kwa mtoto anayeishi karibu na sukuma wiki.

Vipo pia vitabu kuhusu Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977. Mama Miti, chenye picha za Kadir Nelson zilizoundwa kwa rangi za mafuta na vipande vya vitambaa, kina maneno mengi mno kwa mtoto wa miaka miwili. Msomaji aache maneno, aonyeshe miche na mikono yenye udongo. Mbegu Ndogo, kuhusu mama huyo huyo, kinapatikana bure kwa Kiswahili katika mtandao wa African Storybook. Kinaweza kusomwa kwenye simu au kuchapishwa.

Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010, na mwalimu ndiye anayejua kitabu gani watoto hukirudisha mkononi mwake mara tatu. Kisichofunguliwa kilinunuliwa kwa pesa zile zile. Mzazi asiyetaka kununua kwa kubahatisha anaweza kwanza kumpeleka mtoto kwenye maktaba ya umma mjini Nyeri, amwachie achague.

Kuhusu lugha, msomaji atumie ile ya nyumbani. Kitabu cha Kiingereza kinaweza kusimuliwa kwa Kikuyu bila kosa lolote. Mtoto anatazama picha.

Na pale ambapo hakuna kitabu kabisa, picha sita zilizopigwa kwa simu shambani, zikachapishwa na kubandikwa kwenye vipande vya katoni, zinatosha: mbegu mkononi, shimo, mvua, chipukizi, ua la njahi, na sufuria jikoni. Zitobolewe pembeni na kufungwa kwa uzi.