Mizani ya Ushindi: Nyimbo za Siasa na Usiku wa Matokeo, Kenya 2002

Katika uchambuzi wa fasihi simulizi, wimbo wa siasa aghalabu huchunguzwa kwa kumtazama mtunzi wake: ni nani, na aliutungia chama gani. Mkabala huo unafaa kwa nyimbo za kampeni. Huyumba unapofika usiku wa matokeo, kwa kuwa wimbo unaopokewa na umati usiku huo mara nyingi haukutungiwa uchaguzi wowote, umeazimwa. Mfano wa Kenya, Desemba 2002, unaonyesha jinsi wimbo unavyoazimwa, na gharama ya kuuazima.

Wakenya walipiga kura tarehe 27. Kura zilihesabiwa vituoni kwenyewe, tofauti na chaguzi zilizotangulia ambapo masanduku yalisafirishwa kwanza. Hivyo basi ushindi ulisikika kidogo kidogo, kituo baada ya kituo, kabla ya kutangazwa rasmi. Mwai Kibaki wa muungano wa NARC alipata takriban asilimia 62. KANU, iliyotawala tangu 1963, ikatoka madarakani, na Daniel arap Moi akamaliza miaka 24 ya urais.

Wimbo uliotamba ulikuwa wa kanisani, wa kuhimiza imani. Waimbaji waliondoa maneno "kwa imani" wakaweka "bila Moi". Mwanafunzi wa ushairi na ahesabu: kwa-i-ma-ni, mizani 4, bi-la-Mo-i, mizani 4, na irabu ya mwisho ni ile ile. Sauti haikuguswa, ndiyo maana aliyeujua kutoka kanisani hakuhitaji kufundishwa. Kilichoguswa ni sarufi. "Kwa" hutaja nyenzo. "Bila" hutaja pengo. Isitoshe, kitenzi cha wimbo huo, kuwezekana, kimo katika kauli ya kutendeka, isiyomtaja mtenda. Kanisani mtenda anajulikana, ni Mungu. Katika umati nafasi yake ilibaki tupu: aliyetajwa ni wa kuondoka, si wa kutenda. (Yamkini hakuna aliyeuliza, usiku wa furaha si wakati wa sarufi.)

Wimbo wa pili, "Unbwogable" wa GidiGidi MajiMaji, uliazimwa kwa njia nyingine. Jina lake ni shina la Kijaluo, bwogo, lenye maana ya kutisha, lililowekwa kati ya viambishi viwili vya Kiingereza. Vijana hao waliimba kwanza juu ya ukaidi wao wenyewe mbele ya dhiki za maisha. Wanasiasa wa NARC wakalichukua neno na kulivaa. Halina kiambishi hata kimoja cha Kiswahili, lakini lilizungumzwa ndani ya sentensi za Kiswahili nchi nzima bila mkalimani. Wasafishaji wa lugha walikuwa na haki ya kukunja uso, ila walikuwa wamechelewa.

Nyimbo zote mbili zilimchosha mshindi haraka. Uliomtaja Moi ulikosa kazi mara Moi alipoondoka, kwani pengo uliloliomba lilikwisha kupatikana. "Nchi ya Kitu Kidogo" wa Eric Wainaina, uliotoka 2001, haukuwa na udhaifu huo. Shabaha yake ni rushwa, tena kwa tafsida ile ile waitumiayo waombaji rushwa wenyewe, wala haukufungwa kwa mtawala mmoja. Kashfa ya Anglo Leasing ilipofichuka mwaka 2004, chini ya serikali iliyoingia kwa nyimbo za ushindi, wimbo huo haukuhitaji kubadilishwa hata silabi moja.

Tarehe 30 Desemba 2002 Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mchana, mbele ya umati mkubwa uliomwimbia Moi wimbo wake akiwapo. Tarehe 30 Desemba 2007 aliapishwa tena, jioni, ndani ya viwanja vya Ikulu, mbele ya wageni wachache, matokeo yakipingwa na nchi ikiingia katika machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100. Umati haukuwapo, na wimbo haukuazimwa.