MTU KWANZA, CHAMA BAADAE

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Wazanzibari wenzangu, Muscat)



 Mimi si mwanasiasa wala sijasomea sheria. Mimi ni muuguzi, na walionialika walitaka nizungumze juu ya sukari na presha, maradhi yanayotumaliza sote hapa. Niliwaomba ruhusa ya kuzungumzia maradhi mengine, wakanikubalia. Basi nikikosea wazee mtanisamehe, na wa kunikosoa anikosoe. Na niseme mapema kwamba nazungumza ya kwetu Zanzibar. Nchi hii iliyotupokea ina utaratibu wake, na mgeni mwenye adabu hatii mkono katika chungu cha mwenyeji.

Naanza na jambo ambalo kwangu ni aibu. Mwaka 2015 nilikuwa nakaa nyumba moja hapa Muscat na muuguzi mwenzangu, mtoto wa Unguja. Mimi kwetu Pemba. Tulikuwa tukipika pamoja na tukifunga pamoja, na mwisho wa mwezi tukigawana kodi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuwa ameufuta wote. Mimi nikalia. Mwenzangu, ambaye kwao ni CCM tangu babu, akasema neno, nami nikamjibu neno zito zaidi. Tangu siku ile hatukusemezana miezi minne. Kazini tulikuwa wodi moja, na zamu yake ikimalizika yangu inaanza. Kukabidhiana wagonjwa kukawa kwa karatasi tu, hapana mdomo. Usiku mmoja mgonjwa alikuwa ameshapewa sindano yake na haikuandikwa. Mwenzangu aliisahau kwenye karatasi, na mimi sikumuuliza kwa sababu simsemezi. Nilikuwa nimeshaivuta dawa kwenye bomba, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyenambia, "Sister, hii nimeshachomwa." Mwenyezi Mungu alitusitiri. Lakini nilikaa chini nikajiuliza: hivi mimi ni nani? Ni muuguzi, ni Muislamu, ni mtoto wa watu, au ni chama?

Ndugu zangu, maradhi haya hatukuyazua sisi. Wazee wetu wanaiita miaka ya 1957 hadi 1963 "zama za siasa", na mzee akikutajia jina hilo utamuona uso unabadilika. Watu waligawika Hizbu na Afro. Yule hanunui dukani kwa huyu, huyu hapandi gari la yule, na harusi na maziko vikawa na chama. Januari 1961 vyama viwili vikubwa vilipishana kiti kimoja tu, ASP 10 na Hizbu 9. ZPPP ilipata vitatu, na hao watatu nao wakagawika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarejewa Juni, na katika fujo za siku zile wakafa watu 68. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja na siku mbili baadae, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi. Yaliyofuata mnayajua, na wengine humu ndani mmeyaona kwa macho yenu kabla ya kufika hapa.

Halafu kikaja chama kimoja, na Wazanzibari hawakuchagua mwakilishi wao hata mmoja mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoundwa 1980. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992 tulidhani sasa tutapumua. Vilisajiliwa vyama vingi kweli, lakini kwetu vilivyosimama ni viwili, CCM na CUF, na mpaka uliopita kati yao ulifuata sana ule wa 1961. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Nchi imegawika nusu kwa nusu, na mwenye nusu moja anachukua kila kitu. Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka nilitumwa maji nikiwa na ndoo yangu, nikaulizwa kisimani, "Wewe wa nani?" Nilipojibu nikaambiwa hicho si kisima chetu. Walionifukuza walikuwa watu wazima wanaomjua mama yangu. Na nisiseme uongo mbele ya Mola wangu, upande wetu nao ulikuwa na kisima chake, na ulifukuza watoto wa wenzao vilevile.

Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuliwa katika maandamano, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Tukapata Muafaka wa 1999, tukapata wa 2001, kisha yakaja Maridhiano. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndio. Ikaja Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Nayasifu Maridhiano, na nataka nieleweke hapa. Uchaguzi wa 2010 ulipita bila ya kulia mtu, na watu waliosusana miaka mingi walizikana tena.

Lakini tutazame Maridhiano yalimpatanisha nani na nani. Yalipatanisha vyama. Mshindi anatoa Rais, wa pili anatoa Makamu wa Kwanza, na mawaziri wanagawanywa kwa viti. Mwananchi asiye wa huku wala wa kule alipata nini? Hakupata kitu, kwa sababu sheria haimjui. Ndio maana chuki iliporudi 2015 ilitukuta vilevile tulivyokuwa. Baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016, ambao CUF iliususia na Dk. Shein akapewa asilimia 91, Pemba watu walirudi kususiana madukani na maziko. Mwaka huo huo alifariki shangazi yangu. Nilipofika nikakuta jeneza linapokezanwa na watu wachache mpaka wanahema, na majirani wamekaa barazani wanatazama.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Sisi tunajiita Jamhuri. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na nyinyi mliosoma hapa mnajua kuliko mimi: jumhuri ni watu, umma. Nchi ni ya watu, na aliyepewa madaraka amepewa amana na watu. Watu wenyewe ni mmoja mmoja, kila mmoja na akili yake na hesabu yake mbele ya Mungu. Siku ya kiyama hakuna atakayefufuliwa na tawi lake.

Tazameni Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Uzuri ulioje! Kisha unafika ibara ya 39 na ya 67, unaambiwa huwezi kugombea urais wala ubunge mpaka uwe mwanachama na udhaminiwe na chama. Katiba ya Zanzibar nayo ni hivyo hivyo. Kwa hivyo huruhusiwi kulazimishwa kuingia, lakini usipoingia huna pa kupita.

Mchungaji Christopher Mtikila aliliona hili akaenda mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa haki. Serikali ikakimbilia Bungeni kubadilisha Katiba ili hukumu isifanye kazi. Akarudi mahakamani, 2006 akashinda tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, si la mahakama. Hakuchoka. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, yaani nyumbani kwetu, ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki kwa kumkataza mgombea binafsi. Mtikila alifariki 2015 na sheria iko pale pale. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba iliruhusu mgombea binafsi, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika mpaka leo.

Wengine watasema hayo ni ya Bara, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mansour Yussuf Himid alikuwa mwakilishi wa Kiembesamaki kwa CCM. Alisema anachokiamini juu ya muundo wa Muungano, chama kikamfukuza Agosti 2013, na kiti kikaenda siku hiyo hiyo. Watu wa Kiembesamaki waliomchagua hawakuulizwa. Upande wa pili, Januari 2012 CUF ilimfukuza Hamad Rashid Mohamed, na ubunge wake ukabaki unaning'inia kwa amri ya mahakama. Vyama viwili vinavyogombana kila siku, lakini kwenye hili wanasema lugha moja: kiti ni cha chama.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni Maalim Seif mwenyewe, Mungu amrehemu. CCM ilimfukuza 1988. Tangu 1995 aligombea urais wa Zanzibar kwa CUF, na wapenzi wake walikuwa karibu nusu ya nchi. Machi 2019 mahakama ilipompa Profesa Lipumba uenyekiti wa CUF, mtu mwenye watu wote wale akawa hana pa kusimama. Ikabidi ahamie ACT-Wazalendo, na tukaona matawi yanapakwa rangi mpya usiku kucha. Tulishangiria, nami nilishangiria. Lakini fikirini. Ikiwa Maalim Seif hakuweza kusimama kwa jina lake, mwalimu wa skuli wa Makunduchi ataweza vipi? Ataweza vipi mvuvi wa Kojani?

Mwaka 2025 tuliona mwisho wake. Bara, CHADEMA ilizuiwa kushiriki kwa sababu haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mgombea wa ACT wa urais wa Muungano, Luhaga Mpina, akaenguliwa. Tarehe 29 Oktoba damu ikamwagika. Sisemi mgombea binafsi angeyazuia yote hayo. Wala asingeizuia Tume kufuta uchaguzi wa 2015, maana Tume isiyo huru itamdhulumu mwenye chama na asiye na chama. Nasema kwamba ikiwa mlango wa siasa ni chama tu, anayetaka kuufunga ana kazi nyepesi. Anafunga viwili vitatu, na watu mamilioni wamebaki nje.

Najua mtaniambia, "Binti, wakati huu ni wa kushikamana, usitugawie kura." Nimeshayasikia. Jawabu langu ni kwamba kura si ya chama hata nikigawie. Ni ya mtu, chama kinaiomba. Mwengine ataniambia wagombea binafsi watanunuliwa na matajiri. Huenda. Kwani wa vyama hawanunuliwi? Na mwengine atasema ni mambo ya kizungu. Mwaka 1960, kabla ya uhuru wa Tanganyika, Herman Sarwatt aligombea Mbulu peke yake akamshinda mgombea rasmi wa TANU, chama kilichopata viti 70 kati ya 71. Nchi haikuzama. Kenya kwa jirani zetu wameruhusu katika Katiba yao ya 2010. Marekani yenyewe, vyama viwili vimeishika nchi tangu na tangu, lakini Vermont wamempeleka Bernie Sanders kwenye Seneti bila ya chama.

Sitaki vyama vifutwe. Tulikaa bila ya vyama vingi na tunajua ladha yake. Nataka mambo mawili ya sheria. Mtu aweze kugombea kwa jina lake, na aliyechaguliwa na watu asivuliwe kiti na kamati ya chama. Viongozi wa vyama vyote viwili wanapokuja hapa Muscat kutuomba michango, tuwaulize hilo kabla ya kufungua mikoba.

La tatu halihitaji sheria, ni letu sisi. Sisi tulio hapa hatupigi kura, sheria ya kwetu haina kura ya walio nje. Kura hatuna, lakini ugomvi tunao! Tuna khitma za CCM na khitma za ACT, na wapo wazee wasiosalimiana kwa ajili ya Hizbu na Afro, na wote wameshajukuu. Nawaombeni, kwa heshima yenu, maziko na harusi na kuuguzana visiwe na chama. Tuanzie hapo.

Yule mwenzangu tulipatana. Alfajiri ile ile ya sindano nilimngojea jikoni, nikamuomba radhi, naye akaniomba. Mpaka leo hatukubaliani. Yeye anapigania chama chake na mimi nina dukuduku langu. Amekaa safu ya tatu pale, na akitaka kunijibu ana haki, mpeni nafasi.