Kuchukua Fedha Nyingi Katika Safari ya Ng'ambo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalowapata watu wengi wanaohamia nchi za mbali, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine kwa kuwafuata jamaa zao. Jambo lenyewe ni namna ya kwenda na fedha zao. Msidhani ya kuwa maneno haya ni ya matajiri peke yao. Mtu aliyeuza ng'ombe wake au shamba lake, fedha zile ni nyingi kwake, hata zikiwa chache machoni pa mwingine. Naye ndiye aumiaye zaidi zikipotea.

Nitaanza na habari niliyoiona kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto hodari wa masomo, naye akapata nafasi katika chuo cha ng'ambo. Mzee akauza shamba la minazi alilorithi kwa baba yake. Mashangazi wa kijana wakaongeza walichokuwa nacho, hata zikatimia dola 14,000 za Marekani. Usiku wa kuamkia safari tulikaa pamoja, na mama yake akazishona noti zile ndani ya bitana ya koti. Kijana akauliza, "Baba, nikiulizwa huko nijibu nini?" Mzee akasema, "Mwanangu, mali haitangazwi njiani. Sema unazo za chakula tu." Mimi nilikuwapo, nikanyamaza, kwa maana niliyaona maneno yale kuwa ya busara.

Kijana alipofika, afisa wa forodha akamwuliza kama anazo fedha nyingi. Akajibu kwamba anazo dola 1,000. Koti likapitishwa katika mashine ya kupekulia, na zile noti zikaonekana. Zikachukuliwa zote zikawekwa chini ya ulinzi, naye akaambiwa alete ushahidi wa mahali zilikotoka. Hati ya kuuzia shamba ilikuwa huku nyumbani, katika kasha la mzee. Tena haikutosha, kwa kuwa haikuonyesha bei yote iliyolipwa. Mzee akamtafuta mnunuzi, akamtafuta na mwenyekiti wa kijiji, akawaomba waandike. Na mimi nikawa mwandishi wa barua zile, moja baada ya moja, kwa muda wa miezi mitano. Mwisho fedha zikarudi, zimepunguzwa faini. Lakini muhula ulikuwa umekwisha kuanza, na kijana akangojea nafasi yake mpaka mwaka uliofuata, akiishi kwa hisani ya watu.

Angalieni sana jambo hili. Kijana hakuiba, wala baba yake hakuiba. Fedha zilikuwa halali tangu senti ya kwanza. Kilichowaponza ni uongo mmoja mdogo, na karatasi moja iliyoachwa nyumbani. Tangu siku hiyo sikunyamaza tena, na ndiyo sababu nimekuja kusema nanyi.

Neno la kwanza ni sheria. Watu wengi huogopa kusema kwa sababu hudhani ya kuwa fedha zikijulikana zitatozwa ushuru. Sivyo. Katika nchi nyingi hukatazwi kuingia na fedha nyingi zako mwenyewe, wala hutozwi kitu kwa sababu umezisema. Unalotakiwa ni kuziandikisha forodhani. Marekani, fedha zikizidi dola 10,000 lazima ziandikishwe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ni zikifika euro 10,000. Uingereza, ni zikifika pauni 10,000. Hapa kwetu pia, Tanzania na Kenya, kiwango ni dola 10,000 za Marekani, au thamani yake kwa fedha nyingine. Na sheria yatazama mtu anayetoka kama inavyomtazama anayeingia. Kwa hiyo msafiri huenda akalazimika kuandikisha mara mbili, kwanza anapoondoka kwao, kisha anapofika aendako.

Wako wajanja wasemao, "Tutagawana. Mume achukue elfu sita, mke elfu sita, hapo hapana aliyefika kiwango." Hila hiyo haifai. Marekani na Uingereza huhesabu pamoja fedha za jamaa wanaosafiri pamoja. Tena fedha si noti peke yake. Hundi za wasafiri, na hati nyingine ambazo aliyezishika ndiye hulipwa, huhesabiwa pia.

Mtaniuliza, serikali zina haja gani na fedha za mtu? Haja ni hii. Mwizi, na mwuza madawa ya kulevya, na mla rushwa, hawapendi benki, kwa kuwa benki huweka daftari. Wao hupenda noti, kwa kuwa noti haisemi ilitoka wapi. Basi afisa akiona noti nyingi zimefichwa, hawezi kujua kama ni bei ya minazi au ni bei ya sumu. Mwenye kuficha amejifananisha mwenyewe na mwovu, naye asiyejua kilichomo moyoni mwake hana budi kumshuku.

Neno la pili ni ushahidi. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikisha peke yake hakutoshi, kwa maana afisa aweza kukuuliza ulivyozipata. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2002, fedha zinaweza kuzuiwa hata zikiwa pauni 1,000 tu, ikiwa kuna sababu ya kushuku kwamba ni za uhalifu. Basi uchukue karatasi zako: hati ya mauzo yenye bei yote na sahihi za mashahidi, taarifa ya benki, stakabadhi ya mahali ulipobadilishia fedha, na barua ya jamaa waliokuchangia yenye majina yao na kiasi cha kila mmoja. Toa nakala mbili. Moja uiache kwa mtu mwaminifu nyumbani, ya pili uiweke mbali na fedha zenyewe. Na mtakapouza kitu kikubwa, msikubali kamwe kuandika bei ndogo kuliko ile mliyopokea. Aliyefanya hivyo ili apunguze kodi atakuja kuona kwamba hati yake mwenyewe inamshuhudia vibaya.

Neno la tatu ni swali hili: je, kuna lazima ya kuzichukua mkononi? Jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya kumi na tisa, Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja aliyeitwa Tippu Tip, alisafiri mpaka Manyema katika Kongo. Hakwenda na magunia ya reale kwa kila alilotaka kununua. Alipata mali na mkopo kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja. Akachukua nguo na shanga, akarudi na pembe za ndovu, na deni likalipwa kwa daftari. Uaminifu na maandishi vilifanya kazi ambayo mifuko ya fedha isingeweza kuifanya.

Leo njia ni nyingi kuliko zamani. Ada ya chuo yaweza kupelekwa na benki moja kwa moja kwa chuo chenyewe, isipite mikononi mwa mwanafunzi hata kidogo. Fedha za kukaa zaweza kutumwa baadaye, akisha kufungua hesabu yake ya benki huko. Wako pia wenye kazi ya kupeleka fedha kutoka nchi hata nchi, na huduma za simu, ambazo zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimewazoeza watu wetu kutuma fedha bila kushika noti. Ama ile hawala ya mkono kwa mkono, watu wengi huipenda kwa sababu ni nyepesi. Lakini katika nchi nyingi mwenye kuifanya hutakiwa awe na idhini ya serikali. Na asiye nayo, akikamatwa au akitoroka, mteja hana stakabadhi wala pa kushtaki.

Hapa wanafunzi nawaomba mchukue kalamu. Gharama ya kutuma fedha ina sehemu mbili, moja huonekana na moja hujificha. Inayoonekana ni ada. Inayojificha ni bei ya kubadilisha. Tuseme sokoni dola moja ni shilingi 2,500, naye mtu akuambia, "Kwangu hakuna ada," lakini akuuzia dola kwa shilingi 2,600. Ukitaka dola 6,000, umempa shilingi 600,000 zaidi, nawe umeondoka ukimshukuru. Basi usiulize ada ni kiasi gani. Uliza hivi: "Nikikupa shilingi hizi, huko zitafika dola ngapi?" Waulize watatu swali lilo hilo, kisha ulinganishe.

Walakini si vema kwenda mikono mitupu. Mgeni aghalabu hawezi kufungua hesabu ya benki siku ile ile afikapo. Benki nyingi hutaka kuona ushahidi wa mahali anapokaa, na kuupata huchukua siku nyingi. Kwa hiyo achukue fedha za mkononi za kumtosha nauli, chakula na malazi ya majuma ya kwanza. Hizo ni akiba ya njia, ukizipoteza utaumia, lakini hutaangamia.

Neno la nne ni noti zenyewe. Noti ni ahadi iliyoandikwa katika karatasi, na ahadi hiyo huweza kuwekewa mwisho. Kenya ilitangaza tarehe 1 Juni 2019 kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zibadilishwe, na kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo hazikuwa fedha tena. Tanzania iliwapa watu mpaka tarehe 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani zilizotolewa tangu mwaka 1985 hata 2003. Uganda, katika mwaka 1987, ilitoa fedha mpya, shilingi moja kwa shilingi mia za zamani, na kila aliyebadilisha alikatwa asilimia 30. Mtu aliyekuwa nchi ya mbali na noti zake ndani ya godoro, habari kama hizi humfikia amechelewa. Tena shilingi zetu ni shida kuzibadilisha katika miji mingi ya ng'ambo. Na dola za zamani, ijapokuwa serikali ya Marekani huzikubali zote, wabadilishaji wengi wa kwetu huzikataa au huzinunua kwa bei ndogo. Basi ukipewa noti kuukuu, au iliyochanika, au iliyoandikwa juu kwa wino, irudishe pale pale dirishani kabla hujatoka.

Neno la mwisho ni ulinzi njiani. Dola 10,000 kwa noti za mia ni noti 100 tu, unene wake kama sentimita moja. Kitu chepesi kama hicho hupotea upesi. Usikitie kamwe katika mzigo unaokwenda chini ya ndege, maana mashirika mengi ya ndege huandika katika masharti yao kwamba hayadhamini fedha zilizomo humo. Kaa nacho mwilini. Forodhani, ukitakiwa kuhesabu, omba mhesabu katika chumba cha faragha, na upewe karatasi ya kuonyesha kiasi. Tena usimwambie mtu wa safarini unachokichukua, hata akiwa wa kabila lako. Kumnyamazia msafiri mwenzio ni hadhari. Kumdanganya afisa mwenye haki ya kuuliza ni kosa. Mambo haya mawili ndiyo jirani yangu aliyachanganya, na mimi pamoja naye.

Kijana yule sasa amekwisha kumaliza masomo yake. Mdogo wake alipopata safari mwaka jana, mzee aliniita tena usiku wa kuamkia. Safari hii hapakuwa na sindano wala uzi. Ada ilikuwa imetangulia kwa benki. Mezani palikuwa na fedha kidogo ndani ya bahasha, na bahasha ya pili yenye karatasi. Mzee akampa binti yake zote mbili, akamwambia, "Hii ya kwanza ikipotea, mwanangu, Mungu atatupa nyingine. Hii ya pili usiipoteze. Na ukiulizwa, sema kweli."

Mabibi na Mabwana, ikiwa nyumbani mwenu yuko anayejifunga kwa safari, mwulizeni leo fedha zake zitakwenda kwa njia gani, na karatasi zake ziko wapi. Msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Kwaherini.