Haraka Si Dhambi, Siri Ndiyo Hatari



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo mara nyingi huachiwa wakubwa na wanajeshi, nalo ni kuharakisha ununuzi wa zana za kivita. Wanaotetea haraka husema kuwa adui hangoji zabuni. Hoja hiyo ina uzito, nasi yatupasa kuipima kwa haki.

Mwezi Februari 2005, makamanda wa Marekani nchini Iraki waliomba magari 1,169 ya deraya, kwa kuwa askari wao walikuwa wakiuawa na mabomu yaliyotegwa barabarani. Ombi hilo lilikwama ofisini. Ni mwaka 2007 tu ambapo Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, aliagiza magari hayo yapewe kipaumbele, na maelfu yakapatikana kwa muda mfupi. Kucheleweshwa kwa jalada kuliwagharimu watu uhai wao.

Je, polepole ndiyo kinga ya fedha za umma? Sisi Watanzania tunalo jibu. Mazungumzo ya kununua rada kutoka kampuni ya BAE Systems yalichukua miaka. Onyo lilitolewa kwamba bei ni kubwa mno na kwamba chombo hicho hakikidhi mahitaji ya ndege za kiraia. Hata hivyo ilinunuliwa kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kuwa haikutunza ipasavyo hesabu za malipo kwa wakala wake. Hatimaye ililipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, na fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule.

Basi tujifunze. Kinachofaa kufupishwa ni safari ya jalada kutoka meza hadi meza. Kisichofaa kuguswa ni maswali matatu: Chombo hiki ni cha kazi gani? Bei yake yalingana na thamani yake? Na ni nani anayelipwa katikati? Mahali silaha zilipowekwa ni siri ya jeshi. Fungu la dalali si siri ya jeshi.

Tunawasihi, wabunge wenu wanapokuja jimboni, waulizeni maswali hayo kwa upole lakini bila woga. Dawati alilokosa mtoto nalo ni sehemu ya ulinzi wa taifa.